Siku Tisini Chini ya Barafu

Mvua ilinyesha tarehe kumi na moja Januari, na redio ya kusini ikasema hali ya hewa ni nzuri. Hallbera alikuwa anamenya viazi. Aliizima redio kwa ncha ya kisu, akaenda dirishani kutazama shamba lake likilowana katika mwezi ambao halikupaswa kulowana. Mvua ilipiga siku mbili juu ya ardhi iliyoganda, maji yakakosa pa kwenda, yakatuama. Siku ya tatu upepo ukageuka, baridi ikarudi kazini, na shamba lote la majani, kuanzia ukuta wa banda la kondoo hadi mtoni, likawa kioo.

Alitoka, akaligonga kwa kisigino mara mbili, akarudi ndani na kuizungushia tarehe kumi na nne kwenye kalenda ya jikoni. Huku kwetu mtu akizungushia tarehe ya Januari, jirani haulizi ni ya nini.

Nyasi zikifunikwa na theluji hulala salama. Zikifunikwa na barafu hukosa pumzi. Vitabu vya mabwana shamba vinasema siku tisini. Zikizidi hapo, barafu ikiondoka unakuta zulia la kahawia lisilo na uhai, na harufu. Aliyewahi kuinusa hahitaji maelezo. Ni siki, ni maziwa yaliyochacha, ni pishi lililofungwa miaka. Shamba likifa, hakuna majani ya kukausha kiangazi. Pasipo majani makavu hakuna kondoo, na pasipo kondoo, Hallbera atakaa Grjótá akifanya nini?

Grjótá ndilo jina la shamba lake, na ndiko alikozaliwa, miaka sitini na minne iliyopita, katika chumba ambacho sasa anaweka buti. Ni mwanamke mfupi, mpana, goti la kushoto bovu, mwenye sauti inayomwita mbwa kutoka ng'ambo ya mto. Mumewe Ormur alifariki miaka minane nyuma, akamwachia kondoo majike mia na hamsini, trekta nyekundu, na tabia ya kubishana peke yake mezani. Amegombana na padri kuhusu urefu wa mahubiri, na halmashauri kuhusu gari la kusafisha theluji, na daktari wa mifugo kuhusu kila kitu. Wazee wake waliiogopa baridi. Yeye anasema baridi haijawahi kumkosea, kwani ina adabu: inabisha hodi Oktoba, inaaga Mei. Anachokiogopa ni hili joto lisilojua msimu, linaloingia katikati ya usingizi wa ardhi, linamwaga maji, kisha linaondoka bila kufunga mlango.

Na safari hii alikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa. Miaka miwili nyuma shamba lilikuwa limekufa lote. Alililima upya, akapanda mbegu alizoshauriwa na bibi shamba, zile nyasi ndefu laini ambazo kondoo huzila kama peremende, na majira yote ya baridi akalisha mifugo kwa majani ya kununua mkoa wa pili. Katika vuli ile mwanawe wa pekee, Arnkell, fundi wa lifti huko mjini kusini, alikaa naye mezani akamwambia, "Mama, likifa tena, unauza." Hallbera alikuwa na homa, goti limevimba, hana hamu hata ya kahawa. Akasema, "Haya." Neno moja tu. Lakini bondeni kwetu watu wameuza farasi, wameposa na wameachana kwa neno moja tu, na hakuna aliyewahi kulirudisha mdomoni. Tangu siku hiyo Hallbera alijichukia kwa hilo "haya" kuliko anavyowachukia mbweha.

Mnunuzi alikuwepo tayari. Kampuni moja ilikuwa inazunguka bondeni ikinunua mashamba ili kupanda miti, na tayari ilikwisha kupata mawili upande wa juu wa shamba lake. Mjumbe wao alikuja na koti zuri, akala chapati zake tatu nyembamba za sukari, akamwambia kwa upole kwamba ardhi itapata kupumzika, na kwamba abiria wa ndege ndio wanaolipia miti hiyo ili kusafisha moshi wao.

"Ardhi yangu haijalalamika kuchoka," Hallbera alimjibu. "Hebu nikuelewe. Watu wanaruka kwenda kuota jua Uhispania, mbingu zinavurugika, mvua inanijia mimi Januari, halafu mimi ndiye nihame ili mti uwaombee msamaha?"

"Si hivyo hasa," alisema yule mjumbe.

"Ni vipi hasa?"

Mjumbe aliitazama sahani. Akaomba chapati ya nne, na Hallbera, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akampa.

Siku ya arobaini ya barafu, alifunga haro, reki kubwa ya meno ya chuma, nyuma ya trekta, akaibebesha jiwe la uzito wa mtu mzima, akaanza kuikwaruza barafu mstari kwa mstari. Kisha alipanda juu ya tela na koleo, akawa anamwaga samadi kuukuu, nyeusi, ili jua la Februari, dogo kama lilivyo, lipate pa kung'ata. Jirani yake wa ng'ambo ya mto, Finnbogi, mzee wa miaka sabini aliyekwisha kukata tamaa kwa furaha, alisimamisha gari barabarani na kushusha kioo.

"Unalipaka shamba wanja, Hallbera?"

"Nalipaka. Wewe la kwako umeliacha uchi."

"La kwangu nimelikabidhi kwa Mungu."

"Mwaka huu Mungu kakabidhiwa mangapi? Pale kwake kuna foleni, Finnbogi. Shuka ushike koleo."

"Mgongo, Hallbera."

"Mgongo huo huo uliocheza ngoma nzima kwenye harusi ya mpwa wako?"

Finnbogi akacheka, akapandisha kioo nusu. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema.

"Kweli. Naliona hapa, limevaa kofia ya sufu."

Aliondoka akiwa bado anacheka. Hallbera alifanya kazi siku nane, akamaliza theluthi ya shamba. Siku ya tisa joto likarudi kwa nusu siku, likayeyusha juu juu tu, maji yakajaa kwenye mistari yake yote, na kabla ya giza kuingia yakaganda tena, laini kuliko mwanzo. Alikaa kwenye kiti cha trekta akalitazama. Alilia. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe atakana. Kisha akafuta pua kwa mkono wa koti, akashusha haro, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza. Alijua haisaidii sana. Alisema tu kwamba barafu isije ikafikiri imealikwa.

Siku ya sitini alifanya kile ambacho kila mwenye shamba hapa hufanya. Alichukua shoka, akakata mabonge manne ya ardhi pamoja na nyasi zake, moja kutoka kila kipande cha shamba, akayaweka katika mabati manne ya kuokea mkate, akayapanga dirishani juu ya sinki, akayanywesha maji. Joto la jikoni huziamsha nyasi kabla ya wakati. Zikichipua, shamba li hai. Zisipochipua, umejua mapema.

Kuna adabu yake. Hakuna anayeuliza habari za mabati. Watu huja kunywa kahawa, wanazungumzia bei ya mafuta na ugonjwa wa fulani, na huku jicho moja linatambaa taratibu hadi dirishani na kurudi. Mleta barua, ambaye kwa kawaida huitupa barua kwenye sanduku na kukimbia, wiki ile alikumbuka mara tatu kwamba Hallbera anapika kahawa nzuri. Finnbogi alikuja kuazima bisibisi ambayo anayo nyumbani. Siku ya kumi mabonge yalikuwa ya kahawia. Siku ya kumi na mbili harufu ikaanza. Hallbera akawa anaunguza mkate makusudi kila asubuhi ili wageni wanuse mkate.

Arnkell aliwasili Alhamisi Kuu, siku ya themanini na tano. Alisimama kizingitini na begi lake mkononi, pua juu.

"Unaoka nini, mama?"

"Mkate."

"Umeungua."

"Ndivyo ninavyoupenda siku hizi."

Aliweka begi chini, akavua viatu, akaenda dirishani. Aliinamia bati moja baada ya jingine kama mtu anayepita kitandani kwa wagonjwa. Alikulia nyumba hii, hakuhitaji kuelezwa.

"Yote manne," alisema.

"Yote manne."

"Nimekuja na karatasi, mama." Tumtendee haki: hakufurahi kulisema. "Sikushurutishi. Lakini wewe mwenyewe ulisema. Kuna nyumba karibu na kwangu, ghorofa ya tatu, ina joto, goti lako litapona. Mkataa pema..."

"Usinimalizie methali, nilikufundisha mimi. Ghorofa ya tatu?"

"Kuna lifti."

"Najua kuna lifti. Uliifunga wewe." Alivaa koti. "Tukawalishe kondoo kwanza. Wao hawajasaini kitu."

Bandani kulikuwa na joto la miili mia na hamsini. Walifanya kazi, kila mmoja upande wake wa hori, na Hallbera alikuwa anajisemea moyoni kwamba hii ni Pasaka yake ya mwisho na harufu hii. Alijisikia kama mtu anayepangusa meza ya nyumba ya kupanga. Ndipo Arnkell aliposema kutoka upande wa pili, "Mama, huyu anakula mlango."

Kondoo mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango mdogo wa pembeni, ule usiotumika majira ya baridi, anavuta kitu kwa meno. Hallbera akaja na kumsukuma kwa paja. Wiki tatu nyuma upepo ulikuwa unapenya chini ya mlango huo, naye kwa haraka alikwenda ng'ambo ya mtaro, akapasua bonge la ardhi kwa shoka, barafu na yote, akalishindilia kwenye pengo kama matambara. Hakulifikiria tena. Sasa bonge hilo lilikuwa limechipua. Kondoo alikwisha kulinyoa upande mmoja, lakini upande mwingine ulikuwa umesimama, mkali, kijani kibichi cha kuudhi.

"Umelitoa wapi hili?" Arnkell aliuliza.

"Ng'ambo ya mtaro."

"Kule kwenye vishungi?"

"Kule kwenye vishungi."

Ilibidi waende wakaone, na walikwenda hivyo hivyo, bila kunawa. Ng'ambo ya mtaro ni kipande ambacho Ormur hakuwahi kukilima kwa sababu trekta ilizama kila alipojaribu. Nyasi zake ni za asili, zinaota kwa vishungi vigumu kama brashi, na bondeni kwetu ni aibu. Vishungi shambani kwako maana yake wewe ni mvivu, au baba yako alikuwa mvivu. Babu zetu walilaani vishungi kwa kuua makali ya fyekeo. Baba zetu wakaving'oa kwa trekta. Sisi tukapanda nyasi laini za dukani tukajiona watu. Hallbera alikata mabonge manne kwa ajili ya mabati, wala haikumpitia akilini kukata la tano huko. Kwake hapakuwa shamba. Hapakuwa hata mahali.

Arnkell alipiga shoka. Barafu ilikuwa nene kama kitabu cha dini. Alitoa kipande, akapiga magoti, akachana majani makavu kwa vidole, na chini yake shina lilikuwa jeupe, limejaa maji, hai. Walikwenda hatua hamsini, wakapiga tena. Hai. Karibu na ukingo wa mto, hai. Siku themanini na tano bila pumzi, na nyasi zile zimekaa tu, kama watu wanaosubiri mgeni mjinga aondoke.

Arnkell aliketi juu ya visigino vyake. "Inaweza kulisha wangapi hii?"

"Arobaini. Arobaini na mmoja nikikata kingo kwa mkono."

"Una mia na hamsini."

"Najua nina wangapi."

"Mama, hapa si shamba. Wewe ndiye uliyenifundisha kuona aibu napo."

"Nilikufundisha vibaya."

"Uliahidi likifa unauza. Limekufa."

Sasa hapa Hallbera alikuwa na njia rahisi, na wapo wanasheria wa jikoni bondeni ambao wangempigia makofi. Angeweza kusema: ng'ambo ya mtaro nako ni Grjótá, kwa hiyo shamba halijafa lote, kwa hiyo neno langu halijaguswa. Aliifikiria njia hiyo. Akaona ni ya mtu anayetoka kwa dirisha ilhali mlango upo.

"Limekufa," alisema. "Sitakudanganya kwamba kichaka hiki ndicho shamba tulilolizungumzia. Niliahidi, na leo navunja. Siuzi. Wakikuuliza huko barabarani, waambie mama yako hana neno."

Arnkell alimtazama. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu wa bonde lile akisema hivyo, na kwa mdomo ule ndiyo kabisa.

"Wataongea," alisema.

"Waongee. Nina kazi."

Alichezea mpini wa shoka, na aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtoto aliyelala chumba cha mashariki zamani. "Mimi sijali neno, mama. Mimi naogopa siku nitakayokuja nikukute umeanguka juu ya barafu hii, mbwa amelala kando yako."

Hilo lilimpata. Alimpenda mwanawe, alimpenda sana, na kwa dakika ile alitamani awe mwanamke wa aina nyingine, wa kusema twende basi. Aliinama kwa shida, akamshika kisogo kwa mkono wake mkavu.

"Inawezekana," alisema. "Sikatai. Lakini utanikuta kwangu, baba. Kule ghorofani ungenikuta wapi? Mbele ya televisheni, namtazama mtabiri wa hali ya hewa akichekelea mvua ya Januari."

Arnkell alicheka huku machozi yakimtoka, na yaliganda kidogo shavuni. Kisha alisimama, akaenda hatua hamsini nyingine, akapiga shoka. Karatasi zilirudi kusini ndani ya begi lile lile, bila kukunjuliwa.

Barafu iliondoka Mei, na bonde zima likanuka. Finnbogi alisaini na kampuni ya miti kabla ya Juni. Alikuja mwenyewe kumwambia, akisimama uani na kofia mkononi, na Hallbera, ambaye alikuwa ameandaa matusi ya wiki nzima, alimkaribisha kahawa na hakutoa hata moja. Kiangazi chote shamba lake lilikuwa la kahawia, isipokuwa ng'ambo ya mtaro. Aliviacha vishungi vikomae hadi vikatoa mbegu, akavikata akiwa amechelewa, kisha akatembea na kapu kiunoni akirusha mbegu za aibu juu ya shamba lililokufa. Waliopita barabarani walipunguza mwendo. Habari ikaenea kwamba Hallbera anapanda magugu, na walioisikia wakaongeza kwamba mtu aliyevunja neno lake utategemea nini. Bibi shamba alipiga simu kumweleza kwa heshima kwamba nyasi zile hutoa mavuno kidogo, na huchukua miaka mingi kushika.

"Miaka ninayo," alijibu mwanamke wa miaka sitini na minne, akakata simu.

Ila hesabu ilibaki hesabu. Arobaini na mmoja. Septemba, kondoo waliposhuka kutoka milimani, alipita katikati yao na chaki nyekundu, akachagua wa kubaki, na usiku huo hakula. Oktoba lori la machinjioni likaja. Dereva wake, Hrolf, ni mtu mkimya mwenye uso kama mlango uliofungwa, na ana desturi aliyojitungia mwenyewe. Anapochukua mifugo ya mwisho ya shamba, shamba linalofungwa, huvua glavu ya kulia na kumpa mwenye shamba mkono. Katika miaka mitatu alikuwa ameivua mara nne bondeni, mara ya nne ikiwa wiki ile ile, kwa Finnbogi.

Aliona wanapanda si wanakondoo tu, bali na majike wazima, mia moja na tisa, safari mbili. Hakuuliza. Hallbera aliwapandisha mwenyewe, akimwita kila mmoja jina lake, goti likimuuma, bila kumtazama mtu machoni. Alipopanda wa mwisho, Hrolf alifunga komeo, akazunguka lori, akavua glavu ya kulia na kunyoosha mkono huku akitazama chini.

"Asante kwa miaka yote, Hallbera."

Hallbera aliutazama ule mkono, mwekundu kwa baridi, na hakuugusa.

"Wa nini huo?"

"Nilidhani..."

"Umedhani. Vaa glavu yako, Hrolf. Kuna arobaini na mmoja mle ndani wananisubiri niwalishe. Mwakani uje na gari dogo."

Hrolf akaivaa.